Utani wa Mifumo Huria ya Kompyuta na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

1. Utangulizi

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Voi kwa treni ya kisasa, akishapita Mariakani, hufika Miasenyi, kituo kilichoko katika nyika ya Taita Taveta. Katika ukanda huo wa Mombasa hadi Voi zimelazwa njia mbili za reli zenye umri tofauti. Ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na upana wake baina ya chuma na chuma ni milimita 1,000. Ya pili ilianza kuchukua abiria mwaka 2017, na upana wake ni milimita 1,435. Njia hizi zinaelekea upande mmoja, zinapita ardhi moja, na zinahudumia watu wale wale. Hata hivyo, behewa la njia moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Mzigo utokao huku kwenda kule sharti ushushwe na kupakiwa upya.

Voi ina kisa cha pili cha reli, kilicho kinyume cha hicho. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia mwaka 1915, Waingereza walijenga njia ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Taveta ili wapate kuwashambulia Wajerumani. Wajerumani nao walikuwa na njia yao kutoka Tanga hadi Moshi, waliyoijenga kabla ya vita. Wenye njia hizo walikuwa maadui waliokuwa wakiuana. Lakini kila mmoja kwa upande wake alikuwa amechagua upana wa milimita 1,000. Kwa sababu hiyo, mwaka 1916, vita vikiwa bado vinaendelea, njia ya Voi iliunganishwa na ile ya Tanga huko Kahe, na magari yakaweza kupita moja kwa moja.

Visa hivi viwili vinatupa swali ambalo makala haya yana nia ya kulichunguza. Je, ni kitu gani kinachowafanya washindani wafaidiane? Je, ni upole wa nyoyo zao, au ni kipimo wanachokishiriki? Tutalitazama swali hilo katika uwanja ambao wanalugha wa Kiswahili hawajauzoea sana, yaani ushindani wa mifumo huria ya kuendeshea kompyuta za binafsi. Kisha tutaonyesha kwamba jambo hilo linagusa moja kwa moja kazi yetu ya kuunda na kusanifisha istilahi.

2. Bure, huru na huria

Yafaa kwanza tueleze maneno. Mfumo wa uendeshaji ni programu ya msingi inayoamka pindi kompyuta iwashwapo. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaosoma herufi zinazobonyezwa, unaoandika faili katika diski, na unaoziruhusu programu nyingine zifanye kazi bila ya kugongana. Wengi wetu tunaufahamu mfumo wa Windows, ambao ni mali ya kampuni. Mtumiaji hupewa ruhusa ya kuutumia, wala hapewi matini asilia ambayo mafundi waliiandika, wala hana idhini ya kuibadilisha na kuigawa.

Mfumo huria ni ule ambao matini yake asilia iko wazi. Kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuugawa, ama kama alivyoupokea ama baada ya kuubadilisha. Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, alipata taabu ya kuueleza uhuru huo, kwa kuwa neno free la Kiingereza huchanganya mambo mawili: kutolipiwa na kutofungwa. Kiswahili hakina taabu hiyo. Kitu kisicholipiwa ni cha bure, na neno hilo hilo pia hutumika kwa jambo lisilo na faida, kama katika maneno ya bure. Mtu asiyetawaliwa ni huru. Na kitu kilichoachwa wazi ili yeyote akishiriki kwa mujibu wa kanuni tumezoea kukiita huria, kama tusemapo soko huria. Kwa hiyo, tunaposema programu huria tunasema kwa neno moja jambo ambalo Waingereza hulazimika kulifafanua kila mara. Huu ni mfano mmoja wa lugha yetu kuwa tayari kwa kazi ambayo wengi hudhani haiiwezi.

3. Utani na nguzo zake mbili

Kwa Wakenya wengi wa leo neno utani lina maana ya mzaha tu. Lakini katika jamii nyingi za Tanzania utani ni desturi yenye sheria zake, baina ya kabila na kabila au ukoo na ukoo. Mtani huweza kumtukana mtani wake hadharani, kumcheka msibani, hata kuchukua kitu chake, na mwenyewe asikasirike. Pamoja na hayo, mtani ndiye afikaye mapema panapotokea msiba, ndiye ashikaye kazi ngumu za mazishi, na ndiye asiyeweza kukataa kusaidia. Kwa hiyo utani una nguzo mbili: kejeli na wajibu. Ukiondoa kejeli, unabaki na ujirani wa kawaida. Ukiondoa wajibu, unabaki na matusi. Wapenzi wa kandanda wa Dar es Salaam, wanapowaita Simba na Yanga watani wa jadi, hukumbuka zaidi nguzo ya kwanza. Sisi tutaiangalia zaidi ile ya pili.

Dai letu ni kwamba ushindani wa mifumo huria ni utani kwa maana hiyo kamili, na kwamba wajibu wake umeandikwa katika leseni na katika vipimo vinavyoshirikiwa.

4. Mifano ya utani katika mifumo huria

Mfano wa kwanza ni wa mwalimu na mwanafunzi wasiowahi kukaa darasa moja. Mwaka 1987 Andrew Tanenbaum, profesa huko Amsterdam, alitoa mfumo mdogo wa kufundishia ulioitwa Minix. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliyekuwa akiutumia mfumo huo, alianza kuandika kiini cha mfumo wake mwenyewe, kikaitwa Linux. Mapema mwaka 1992 profesa alitangaza hadharani kwamba muundo wa Linux umekwisha kupitwa na wakati. Kijana naye alimjibu kwa maneno makali, na majibizano yao yanasimuliwa hadi leo. Lakini mwaka 2004 alipotokea mwandishi aliyedai kwamba haielekei Torvalds kuiandika Linux bila ya kunakili Minix, aliyesimama kumtetea alikuwa Tanenbaum mwenyewe. Alieleza kwa ushahidi kwamba Linux haikuibwa kwake. Hivyo ndivyo afanyavyo mtani siku ya msiba.

Mfano wa pili ni wa ndugu waliogawana nyumba kwa hasira. Kutokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley kulizuka jamii ya mifumo iitwayo BSD. Mwaka 1993 zilianzishwa FreeBSD na NetBSD. Baada ya mfarakano, Theo de Raadt alitoka katika NetBSD, na mwaka 1995 akaanzisha OpenBSD. Huenda mtu akadhani kwamba hadithi iliishia hapo. Lakini mwaka 1999 kundi la OpenBSD lilitoa OpenSSH, programu ya kumwezesha mtu kuingia katika kompyuta ya mbali kwa usalama. Kwa kuwa programu hiyo ilikuwa huria, ndugu waliofarakana waliichukua, Linux ikaichukua, na hatimaye hata Windows ikaichukua. Ugomvi uliwatenganisha watu, nayo leseni ikaiacha njia wazi baina ya kazi zao.

Mfano wa tatu unahusu sura ya kompyuta, yaani madirisha, menyu na vitufe ambavyo mtumiaji huviona. Mwaka 1996 mafundi wakiongozwa na Matthias Ettrich walianzisha KDE. Mwaka 1997 wengine, wakiongozwa na Miguel de Icaza na Federico Mena, walianzisha GNOME, kwa sababu moja ya zana zilizotumiwa na KDE haikuwa huria kwa ukamilifu wakati huo. Kwa miaka kadhaa wafuasi wa pande hizi mbili walicheka kazi za wenzao. Hata hivyo, tangu mwaka 2000 walianza kuandika kanuni za pamoja, ili programu iliyotungwa kwa upande mmoja ipate kufunguka katika upande mwingine, na mwaka 2009 walikutanisha mikutano yao huko Gran Canaria. Aidha, chombo cha kusomea kurasa za mtandao kilichoandikwa na KDE kilichukuliwa na kampuni ya Apple, kikaendelezwa, na baadaye kikatumiwa na GNOME yenyewe. Kizazi chake kimo pia katika kivinjari cha Chrome. Abiria anayesoma habari kwa simu yake katika kituo cha Miasenyi huenda anatumia matunda ya utani huo pasipo kujua.

Mfano wa nne una mvuto wa pekee kwa wanaisimu wa Kibantu. Mwaka 1993 Ian Murdock alianzisha Debian, mkusanyo wa kiini cha Linux na maelfu ya programu, unaotunzwa na watu wa kujitolea. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa mkusanyo mwingine uliojengwa juu ya Debian, akauita Ubuntu. Jina hilo, lililotoka katika lugha za Kizulu na Kixhosa, lina mzizi ule ule tuukutao katika utu wa Kiswahili, na ambao Mdawida huutamka anaposema mndu na wandu. Watu wa Debian walinung'unika kwamba mtoto anasifiwa kwa mali ya mzazi. Watu wa Ubuntu walijibu kwamba mzazi anachelewa mno kutoa matoleo. Lakini marekebisho yaliendelea kupita baina yao, na mafundi kadhaa walifanya kazi pande zote mbili.

5. Pale utani unaposhindwa

Haitakuwa haki kuonyesha mazuri tu. Leseni za mifumo hii ni za mila mbili. Mila ya BSD humwambia apokeaye: chukua, ufanye utakavyo, ila mtaje mwandishi. Mila ya GNU humwambia: chukua, ubadilishe, lakini ukiigawa kazi yako uigawe kwa uhuru ule ule uliopewa wewe. Mila zote mbili ni huria, lakini hazilingani upana. Kazi ya BSD huweza kuingizwa katika kazi ya GNU, na mabadiliko yatakayofanyiwa huko chini ya leseni ya GNU hayawezi kurudi BSD kwa masharti ya BSD.

Mwaka 2007 jambo hili lilizusha ugomvi mkubwa juu ya programu ya kuendeshea redio za mtandao za Atheros. Watu wa OpenBSD walilalamika kwamba kazi yao ilitaka kuvishwa leseni ya GNU na kufungiwa upande wa pili. Ilibidi wanasheria waingie kati. Hapo kejeli ilikuwapo, lakini wajibu haukueleweka kwa namna moja, na utani ukageuka kuwa ugomvi. Tunajifunza kwamba nia njema haitoshi. Lazima ijulikane tangu mwanzo kitu gani kitashirikiwa na kwa masharti gani, kama vile wajenzi wa reli wanavyopaswa kukubaliana juu ya upana kabla ya kulaza chuma cha kwanza.

6. Funzo kwa istilahi za Kiswahili

Sasa na tugeukie nyumbani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Haukupita muda mrefu, kampuni ya Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows na ya programu zake za ofisi. Hapana shaka kwamba ushindani huo uliinufaisha lugha, kwani kwa mara ya kwanza palikuwa na watu wa pande mbili wakijiuliza swali moja: amri hii ya kompyuta iitwaje kwa Kiswahili?

Lakini kazi hizo mbili zilikuwa kama reli mbili za Miasenyi. Tafsiri iliyomo ndani ya Windows ni mali ya kampuni, na mfumo mwingine hauwezi kuihamisha ukaitia kwake. Ile ya Dar es Salaam ilikuwa na leseni huria, na tofauti hiyo ilidhihirika baadaye. Mwaka 2010 wengi wa mafundi wa OpenOffice walijitenga na kuanzisha LibreOffice. Kwa kuwa leseni iliruhusu, walihama na kazi yote, tafsiri za lugha zikiwa ndani yake, na Kiswahili chenye alama ya Tanzania kikaingia katika orodha ya lugha za LibreOffice. Lau tafsiri zile zingefungiwa katika nyumba ya kwanza, zingezeeka pamoja nayo.

Huenda msomaji akauliza: je, tunataka basi istilahi moja tu, na washindani wote wanyamaze? La, hasha. Ushindani wa maneno ni dalili ya uhai. Mwanafunzi wa Voi hufunzwa tarakilishi katika somo la Kiswahili, neno lililoundwa kwa kuunganisha tarakimu na akili. Akitoka nje husoma kompyuta katika ubao wa duka, na akifungua kitabu cha Tanzania huenda akakuta ngamizi. Hakuna madhara makubwa katika hilo. Maneno yatashindana, na wasemaji wataamua. Jozi ya pakia na pakua ni mfano mzuri. Wasemaji hawakuhitaji kulazimishwa kuikubali, kwa sababu inafuata kanuni ya unyambuaji ambayo kila Mswahili anayo kichwani, ile ile itupayo funga na fungua, ziba na zibua. Sakinisha pia imejieleza yenyewe kwa yeyote aijuaye sakini. Istilahi iliyoshika sarufi ya lugha hupita popote, kama behewa lililofuata upana wa njia.

Madhara yapo mahali pengine, nayo ni pale kila mradi unapoanza upya. Fundi mmoja hutafsiri amri mia kadhaa za GNOME, mwingine hutafsiri zile zile za KDE, wa tatu hufanya hivyo kwa kampuni fulani, na hakuna aliyeiona orodha ya mwenziwe. Matokeo yake ni kwamba tafsiri za mifumo huria kwa Kiswahili hadi leo hazijakamilika, ingawa jasho lililomwagika lingetosha kukamilisha zaidi ya moja. Hapo hatuna utani. Tuna upweke wa watu wafanyao kazi moja.

Njia ya kutokea ipo, na mfano wake umekwisha kuonekana. Jumuiya ya Unicode hutunza hazina ya pamoja iitwayo CLDR, yenye majina ya siku, miezi, nchi, lugha na sarafu katika lugha nyingi. Mifumo inayoshindana, ya huria na ya makampuni, huchota humo. Kiswahili kimo katika hazina hiyo, pamoja na sura za Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Jambo la kutiliwa maanani ni namna sura hizo zilivyopangwa: msingi ni mmoja, na sura ya Kenya, kwa mfano, huandika yale tu inayotofautiana na msingi. Kwa mpango huo Mkenya hanyimwi neno lake, Mtanzania halazimishwi kuliacha lake, na sehemu kubwa ambayo wote wanakubaliana haiandikwi mara nne.

Tunapendekeza basi kwamba idara zetu zifanye mambo matatu. Kwanza, orodha za istilahi zinazoundwa katika vyuo na mabaraza zitolewe kwa leseni huria iliyoandikwa wazi, ili mradi wowote uweze kuzitumia bila ya kuomba. Pili, orodha hizo ziyaweke maneno yanayoshindana bega kwa bega, kila moja na eneo linakotumika, badala ya kulifuta moja kabla wasemaji hawajaamua. Tatu, wanafunzi wa tafsiri wapewe zoezi la kutafsiri sehemu ya mfumo halisi, nao wapeleke kazi yao huko huko itakakotumika. Mwanafunzi atakayeona neno lake likisomwa na mgeni katika skrini atajifunza juu ya istilahi kuliko atakavyojifunza kwa mtihani.

Huenda pia ikasemwa kwamba watumiaji wa kompyuta tayari wanajua Kiingereza. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zaidi wakati kompyuta ilipokuwa chombo cha ofisi chache. Leo simu nyingi zinazouzwa Voi, Wundanyi na Taveta zinaendeshwa kwa Android, ambayo kiini chake ni kile kile cha Linux, na wanaozinunua si wale waliokwenda shule tu. Tena, Kiswahili kikiwa na orodha iliyo wazi, Kidawida, Kisaghala na Kitaveta, ambazo ni lugha za mzizi mmoja nacho, zitapata mahali pa kuanzia zitakapotaka kuandikiwa mifumo yao. Ikifungwa, nazo zitalazimika kuanza kutoka Kiingereza.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba mifumo huria ya kompyuta imeshindana kwa zaidi ya miaka thelathini, mara nyingine kwa maneno ambayo wapole wasingeyavumilia. Pamoja na hayo imelishana, imeteteana na imesahihishana. Tumeona pia kwamba palipokosekana makubaliano juu ya masharti, kejeli iligeuka kuwa ugomvi wa kweli. Wajibu unaoshirikiwa ndio uliotofautisha hali hizo mbili.

Wanaistilahi wa Kiswahili wana urithi wa kutosha wa kulijua hilo, kwani neno utani ni lao. Kejeli tunazo: Mkenya huicheka ngamizi, na Mtanzania huicheka tarakilishi. Lililobaki ni kuitimiza nguzo ya pili kwa kuziweka orodha zetu wazi. Reli za mwaka 1916 ziliunganishwa Kahe kwa kuwa upana ulilingana kabla ya mtu yeyote kufikiria kuziunganisha. Sisi tunao wasaa ambao wajenzi wale hawakuwa nao: tunaweza kukubaliana juu ya upana kwa hiari, na mapema.